Naomba ushauri: kuua virusi vya homa ya ini E kwenye maji yenye floraidi, Arusha

Wakuu, habari. Nawaomba wataalamu wa maji na afya mlioko Arusha, hasa upande wa Meru, ambako maji yana floraidi nyingi (madini ambayo yakizidi huharibu meno na mifupa).

Homa ya ini E husambaa kwa maji yaliyoingiwa na kinyesi, na masika vyoo vya shimo hufurika kuelekea visimani. Dalili huchukua wiki 2 hadi 10 kujitokeza tangu mtu aambukizwe, kwa hiyo macho yakianza kuwa ya njano, kisima kimeshanywesha mtaa mzima. Wengi hupona wenyewe. Shida ni wajawazito: miezi mitatu ya mwisho ini linaweza kufeli, na vifo hufika hata 20 hadi 25 kwa kila 100 wanaougua. (Chanjo ya homa ya ini B haikingi E, watu huchanganya sana hapo.)

Kuchemsha hadi maji yatokote kunaua virusi, ila floraidi haitoki. Maji yakipungua sufuriani inazidi kukolea. Klorini nayo haiondoi floraidi, na kwenye maji ya tope huishiwa nguvu. Chujio la mkaa wa mifupa hupunguza floraidi, lakini si la kutegemea kwa virusi, na mkaa wenyewe hunyonya klorini.

Kwa nyumba yenye mjamzito nafikiria hivi: maji yatulizwe, yachujwe kwa kitambaa, yapite kwenye mkaa, klorini iwe mwisho, dakika 30, ibaki angalau miligramu 0.2 kwa lita. Mpangilio huu una kasoro gani? Na mkaa mnaubadilisha baada ya lita ngapi kwa maji ya huku?