Mamelodi Sundowns: kombe la Afrika la 2016 walilipataje wakati Vita iliwatoa? Na mataji ya ligi ni 15 au 18?

Mwana_Katuba

Bandugu, jambo. Hapa Katuba, Lubumbashi, tunatayarisha mashindano ya maswali ya mpira kwa vijana wa mtaa, na sehemu moja inahusu ekipe za Afrika Kusini zilizokutana na TP Mazembe yetu. Tumekwama kwa Mamelodi Sundowns ya Pretoria.

Kwanza, wengine wanasema mwaka 2016 Sundowns walitolewa na Vita Club ya Kinshasa, wengine wanasema walitolewa na timu ya Ghana, na bado kombe la Ligi ya Mabingwa ya Afrika la mwaka huohuo liko kwao. Timu inatolewaje halafu inakuwa bingwa? Pili, mataji yao ya ligi: karatasi moja imeandika 15, nyingine 18. Tatu, ile 1-0 waliyotufunga Pretoria, ilikuwa Ligi ya Mabingwa au Super Cup?

Naomba matokeo kamili pamoja na sababu zake. Vijana wa huku ukiwapa jibu la juu juu, watabisha mpaka usiku.

Fundi_wa_Rekodi

Ndugu Katuba, hao wote wanaobishana wana haki. Sundowns walitolewa mara mbili mwaka ule, na mara zote mbili kwa goli la ugenini (jumla ikilingana, alipita aliyefunga mengi ugenini).

Aprili 2016, raundi ya mwisho kabla ya makundi ya Ligi ya Mabingwa: Kinshasa, Vita 1-0. Marudiano Pretoria, Sundowns 2-1. Jumla 2-2, lakini Vita walikuwa wamefunga Pretoria na Sundowns hawakufunga Kinshasa, basi Vita wakapita. Wakati ule timu iliyotolewa hatua hiyo ilishushwa Kombe la Shirikisho, shindano la pili la klabu za Afrika, ikacheze mchujo mmoja wa kuingia makundi. Sundowns wakapangiwa Medeama ya Ghana. Pretoria walishinda 3-1, kule Ghana wakafungwa 2-0. Jumla 3-3, goli la ugenini likawaua tena. Hapo walikuwa nje ya mashindano yote mawili.

Mwezi wa 5 CAF, shirikisho la mpira la Afrika, ikaiondoa Vita. Hapa ndipo watu wanapopotea, kwa hiyo liandikeni vizuri kwenye karatasi ya majibu: kosa la Vita halikutoka kwenye mechi za Sundowns. Lilitoka raundi ya awali, dhidi ya Mafunzo ya Zanzibar, ambapo Vita walimchezesha Idrissa Traoré wa Mali bila kuwa na ruhusa ya kucheza. Vijana watauliza kwa nini basi nafasi hawakupewa Mafunzo. Ni kwa sababu Vita walipoondolewa walikuwa wamekwisha kufika makundi, na timu ya mwisho waliyoitoa njiani ni Sundowns. Ndiyo iliyowekwa mahali pao.

Kundi lilikuwa na Zamalek, Enyimba na ES Sétif. Mechi ya kwanza Sundowns walikuwa mbele 2-0 kule Sétif, mashabiki wa nyumbani wakafanya fujo, mechi ikavunjika, na CAF ikaiondoa Sétif kabisa. Matokeo yake yakafutwa. Kwa hiyo kundi lilibaki na timu tatu, kila moja mechi nne. Msiweke swali la «Sundowns walishinda mechi ngapi za kundi», maana mwenye kuhesabu ile ya Sétif atapata jibu lake na asiyeihesabu atapata lake, na wote wawili watakasirika.

Nusu fainali ilikuwa na Zesco, jirani zetu wa Ndola, Zambia. Ndola, Zesco 2-1. Pretoria, Sundowns 2-0. Angalieni lile goli moja la Ndola: kwa sababu yake, hata 1-0 ingewatosha nyumbani. Sheria iliyowatoa mara mbili mwezi wa 4 na wa 5, safari hii ilikuwa upande wao.

Fainali na Zamalek: 15/10/2016, uwanja wa Lucas Moripe, Atteridgeville, Sundowns 3-0. Anthony Laffor, Tebogo Langerman, na la tatu beki wa Zamalek alijifunga. Marudiano 23/10/2016, Borg El Arab, Alexandria, Zamalek 1-0. Jumla 3-1. Kwenye makundi walikuwa wamekwisha kuwafunga Zamalek nyumbani na ugenini, kwa hiyo mechi nne mwaka mmoja, na Zamalek walishinda ile ya mwisho tu, ambayo haikuwasaidia.

Kocha Pitso Mosimane, nahodha Hlompho Kekana, golini Denis Onyango wa Uganda, ambaye mwaka ule alipewa tuzo ya mchezaji bora wa Afrika anayecheza ndani ya bara. Mbele walikuwa Leonardo Castro, Khama Billiat na Keagan Dolly. Kwa herufi za majina yao mashabiki waliwaita CBD.

Cheminot_Kenya

Tuseme na hili, maana hapa mjini linarudiwa sana: eti Motsepe ndiye rais wa CAF, akawapa watu wake kombe la Vita. Tarehe hazikubali. Patrice Motsepe aliingia Sundowns 2003, akainunua yote 2004. Urais wa CAF aliupata Machi 2021, ndipo klabu ikabaki mikononi mwa mtoto wake Tlhopie. Mwaka 2016 CAF ilikuwa bado chini ya Issa Hayatou. Anayetaka kulalamika kuhusu Vita aanzie kwa aliyeandika jina la Traoré kwenye fomu ya mechi.

Swali la tatu: Super Cup. Mazembe pia mwaka 2016 ilitolewa Ligi ya Mabingwa raundi ileile, na Wydad, ikashuka Shirikisho kama Sundowns. Tofauti ni kwamba Mazembe ilipita mchujo wake, ikaingia kundi moja na Yanga, MO Béjaïa na haohao Medeama waliowatoa Sundowns, ikachukua kombe kwa kuifunga Béjaïa kwenye fainali: 1-1 ugenini, 4-1 nyumbani. Bingwa wa Ligi ya Mabingwa akakutana na bingwa wa Shirikisho tarehe 18/02/2017, Loftus Versfeld, Pretoria. Mechi moja tu, hakuna marudiano, na wakati ule mwenyeji alikuwa bingwa wa Ligi ya Mabingwa, ndiyo sababu hatukucheza nyumbani Kamalondo. Ilibaki 0-0 hadi dakika ya 83, Ricardo Nascimento akafunga penalti.

Lakini kuna 1-0 nyingine ya Pretoria, na hii itawachanganya. Ligi ya Mabingwa 2023/24 Mazembe na Sundowns walikuwa kundi moja na Pyramids na Nouadhibou. Lubumbashi Mazembe 1-0, Pretoria Sundowns 1-0. Wote wakafika nusu fainali, wote wakaishia hapo: Mazembe kwa Al Ahly, Sundowns kwa Espérance. Swali lenu litaje mwaka, la sivyo lina majibu mawili.

Mtego mwingine: fainali ya Shirikisho 2017, Mazembe 2-1 Lubumbashi na 0-0 Pretoria. Ile ni SuperSport United, jirani wa Sundowns mji uleule. Nimeona watu wazima wakiandika Sundowns.

Takwimu_Kampemba

Nachukua swali la ligi. 15 na 18 zote ni sahihi kwa mwisho wa msimu wa 2024/25, inategemea unaanzia wapi.

Ligi ya sasa, PSL, ilianza msimu wa 1996/97. Ndani yake Sundowns wana hizi: 1997/98, 1998/99, 1999/2000, halafu 2005/06 na 2006/07, halafu 2013/14, 2015/16, na kuanzia 2017/18 hadi 2024/25 bila kukosa hata moja. Hesabuni: tatu, mbili, moja, moja, nane. Jumla 15.

Kabla ya PSL kulikuwa na NSL, na humo walichukua 1988, 1990 na 1993. Ongeza tatu, unapata 18.

Makosa hutokea mahali pawili. NSL ilihesabu kwa mwaka mmoja wa kalenda na PSL inahesabu kwa miaka miwili, kwa hiyo mtu anayenakili «1998» na «1999» hajui tena kama ni msimu unaoanza au unaoisha, akaandika mmoja mara mbili. Andikeni daima kwa mtindo wa 1997/98. La pili, watu huunganisha 2015/16 na mfululizo wa nane wakapata tisa au kumi. Haiwezekani: 2016/17 bingwa alikuwa Bidvest Wits. Msimu ule Sundowns walikuwa na nyota mpya ya Afrika kifuani na ligi ikawaponyoka. Kwa maoni yangu hilo ni swali zuri kuliko lile la jumla: «Nani alichukua ligi ya Afrika Kusini msimu ambao Sundowns walikuwa mabingwa wa Afrika?»

Historia ya zamani kwa ufupi. Chimbuko ni Marabastad, Pretoria, na 1970 ndipo ikawa klabu rasmi. 1985 ikanunuliwa na Zola Mahobe, aliyemwaga pesa nyingi kwa wachezaji. Baadaye ikajulikana pesa zilitoka kwa wizi ndani ya benki ya Standard, kupitia mpenzi wake aliyefanya kazi humo. Mahobe akafungwa, benki ikaichukua timu, ikawauzia ndugu mapacha Abe na Solly Krok. Watu wanadhani mafanikio yalianza na Motsepe, lakini ona miaka: mataji ya 1988, 1990 na 1993, na yale matatu mfululizo hadi 2000, yote ni kabla yake. Fainali ya Ligi ya Mabingwa 2001 pia: 1-1 Pretoria, halafu wakafungwa 3-0 Cairo na Al Ahly. Motsepe alileta uwezo wa kukaa juu mwaka baada ya mwaka. Hilo ndilo gumu zaidi.

Kama mnataka swali la kuchekesha watoto: Machi 2012, Kombe la Nedbank, Sundowns 24, Powerlines 0. Kekana peke yake magoli 7, na yeye ni kiungo.

Mwana_Katuba

Asanteni sana, yaya zangu. Nimebadilisha maswali matatu tayari. Bado moja: tunaweza kuandika kwamba Sundowns ndio ekipe ya kwanza ya Afrika Kusini kuwa bingwa wa Afrika?

Cheminot_Kenya

Hapana. Wa kwanza ni Orlando Pirates, 1995. Waliifunga ASEC Mimosas: 2-2 Johannesburg, halafu 1-0 Abidjan, goli la Jerry Sikhosana. Watu walikuwa wamewazika baada ya ile sare ya nyumbani. Sundowns ni wa pili, miaka 21 baadaye.

Na Pirates wana hesabu na mji huu. 2013 waliitoa Mazembe: Soweto 3-1, Lubumbashi wakafungwa 1-0 tu, siku ambayo kipa Senzo Meyiwa aliokoa penalti. Wakafika fainali, Al Ahly akawazuia. Oktoba 2025 Lupopo, ekipe yetu nyingine ya Lubumbashi, wakalipa deni: hapa Lupopo 3-0, kule Pirates 3-0, na Lupopo wakapita kwa penalti. Hilo liwekwe kwenye mashindano yenu, tafadhali, na pointi mbili.

Fundi_wa_Rekodi

Kwa fainali ongezeni ya Ligi ya Mabingwa 2025, maana ina Mkongomani ndani. Sundowns 1-1 Pyramids pale Loftus: Lucas Ribeiro alifunga, Pyramids wakasawazisha dakika za nyongeza. Cairo, Pyramids 2-1, na Fiston Mayele ni mmoja wa wafungaji. Lile goli la mwisho la Pretoria ndilo lililogeuza fainali. Sundowns wangeenda Misri na 1-0, Pyramids wangelazimika kufunguka mapema.

Mama_Badiangwena

Mmeandika yote, wanawake mmewasahau. Ligi ya Mabingwa ya Wanawake ya CAF ilianza 2021, na Sundowns ndio mabingwa wa kwanza kabisa: fainali Cairo, 2-0 dhidi ya Hasaacas ya Ghana. 2022 walipoteza fainali 4-0 kwa AS FAR ya Morocco. 2023 wakarudi, 3-0 dhidi ya SC Casablanca. Na 2024 bingwa ni TP Mazembe, 1-0 dhidi ya haohao AS FAR, kocha Lamia Boumehdi.

Kwa hiyo ndugu Katuba, ukiuliza «klabu gani mbili zina kombe la Afrika la wanaume na la wanawake, moja ya Pretoria na moja ya Lubumbashi», jibu unalo. Na wasichana wa mtaa nao wakae kwenye meza ya wanaojibu, wasiwe wa kushangilia tu.