Mwanangu kachapwa kwa kukosa mkebe wa hesabu, nianzie wapi?
Habari zenu wakuu. Nipo Mbagala, nauza chapati. Juzi mwanangu wa darasa la sita kachapwa viboko 6 kisa hana mkebe wa hesabu. Wiki iliyotangulia alipigishwa magoti juani kwa sababu ya fagio la chelewa, fagio jamani! Ada iliondolewa, sawa, ila sare, madaftari na huo mkebe ni mfuko wangu, na mwezi huu kodi ya chumba imenikaba. Mtoto anunue na nini? Kanuni za adhabu ya viboko shuleni za 2002 zinasema viboko visizidi 4, tena kwa kosa kubwa, na viandikwe kitabuni. Nianzie kwa mwalimu mkuu, kamati ya shule au afisa elimu kata? Naogopa mtoto asije akawekewa kinyongo.