Mjadala: Tukiambiwa tubane mafuta, tubane yapi?

Ndugu zangu wa Uganda na majirani mnaosoma Kiswahili, hoja hii nusura izue ugomvi juzi pale steji ya boda iliyo jirani na mashine yangu ya kusaga, na sikuridhika na jinsi tulivyoiacha. Kila mafuta yanapopanda bei au kuadimika, serikali hutuambia tuyatumie kwa uangalifu. Wito huo ni wa haki? Na anayeambiwa ni nani hasa?

Kwa wasiokumbuka: mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei duniani, Rais Museveni alikataa kupunguza kodi ya mafuta na akakataa ruzuku. Tukahimizwa kubana matumizi. Siku ya Mei Mosi mwaka huohuo alisema asiye na mkate ale muhogo. Watu wengi waliyacheka maneno yale. Mimi sikucheka, kwa sababu kazi yangu ni kusaga muhogo.

Nina mashine ya dizeli upande wa Terego, si mbali na Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Huku kwetu chakula ni enyasa, yaani ugali wetu, na enyasa ya siku hizi kwa sehemu kubwa ni unga wa muhogo. Muhogo unachimbwa, unamenywa, unaanikwa mpaka unakauka, kisha mama anaubeba kichwani kwenye besheni anauleta kwangu. Kwa hiyo anayesema tule muhogo anasema pia tuchome dizeli, awe anajua au hajui. Kinu kipo, naam, na bibi zetu walitwanga. Lakini mama aliyetoka shambani saa kumi, ana watoto sita na maji bado hajateka, ukimrudisha kwenye kinu umemwongezea usiku mwingine wa kazi.

Mwaka ule tulibana. Zamani nilikuwa nawasha injini kila siku, mteja akija namsagia. Dizeli ilipopanda nikaona kwamba kuwasha injini kwa besheni moja ni kutupa mafuta, maana inakula kabla haijaanza kusaga sawasawa. Tukakubaliana na akina mama: Jumanne na Ijumaa tu. Wanapanga foleni, nawasha mara moja, nazima mara moja. Aliyekuwa akileta besheni nzima akaanza kuleta nusu. Vijana wa boda nao wakawa wanazima pikipiki kwenye mteremko, jambo la hatari sana, na wakimpeleka mtu Arua mjini wanakaa huko saa nzima wakisubiri abiria wa kurudi naye ili wasirudi watupu. Hakuna hotuba iliyotufundisha hayo. Tulikuwa tumeshabana kabla wito haujafika.

Hapo ndipo ubishi ulipoanzia. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu ninayemheshimu sana, alisema tunalalamika kama watoto. Nchi yetu haina bandari. Mafuta yanashuka Mombasa, yanapita kwenye bomba hadi Eldoret na Kisumu, yanapakiwa kwenye malori, yanavuka Malaba au Busia, na ndipo yaanze safari ya kuja kwetu. Njia ikiguswa mahali pamoja, sisi tunaumia. Akakumbusha Januari 2008, vurugu za baada ya uchaguzi wa Kenya, reli iling'olewa Kibera na Uganda nzima ikakosa mafuta. Akakumbusha Januari 2022, madereva wa malori waligoma mpakani kwa ajili ya vipimo vya korona, na kuna miji ambako lita ya petroli ilifika shilingi 10,000. Akarudi hadi siku za Amin na magendo yake. Nchi ya namna hiyo, alisema, lazima ijifunze kubana, na serikali ikinyamaza itakuwa imekosa wajibu wake. Akatoa mfano wa Tanzania, ambako miaka ya shida, mwanzoni mwa miaka ya 1980, magari binafsi yalizuiwa kutembea Jumapili alasiri.

Mwalimu, nakubaliana nawe kwa mengi, ila mfano wako wa Tanzania unanisaidia mimi kuliko wewe. Ile ilikuwa amri, siyo ombi. Ilimgusa mwenye gari, siyo mwenye baiskeli. Jumapili jioni kila mtu angeweza kusimama barabarani akaona nani anaifuata na nani anaivunja. Wito wa kwetu ni wa watu wote, na wito wa watu wote humwangukia yule ambaye tayari mfuko wake umemlazimisha.

Tutazame mwaka 2021. Serikali ilileta bungeni pendekezo la ada ya kila mwaka, shilingi 200,000 kwa gari na 50,000 kwa pikipiki. Wabunge wakaikataa, na badala yake wakaongeza shilingi 100 kwenye kila lita ya petroli na dizeli. Mwaka 2024 wakaongeza nyingine 100. Ukiwa na gari kubwa Kampala, mia hiyo huisikii. Kwangu mimi imo ndani ya kila besheni, na mama analipa hata kama hajawahi kupanda gari mwaka mzima. Halafu mwaka huohuo wa 2021 kila mbunge alipewa shilingi milioni 200 za kununua gari. Wabunge wetu ni zaidi ya 500, jipigieni hesabu wenyewe. Sisemi mbunge atembee kwa miguu kutoka Moyo hadi Kampala. Nasema aliyepokea milioni 200 na kuongeza mia kwenye dizeli yangu hana uso wa kuniambia nibane.

Kijana mmoja wa boda akadakia: basi dawa ni kuondoa kodi yote ya mafuta. Wengi walimpigia makofi, na najua wengi wenu mnaosoma hapa mtamuunga mkono. Mimi siungi. Sababu ya kwanza, sijaona kituo cha mafuta kinachoshusha bei kwa kasi ileile kinayoipandishia, kwa hiyo sina hakika kwamba punguzo lingefika huku Terego. Ya pili, barabara. Nakumbuka safari ya Kampala kabla ya lami kufika Arua, unatoka nyumbani mzima unafika umekuwa mwekundu kwa vumbi. Mafuta yaliyounguzwa kwenye mashimo yale hayana hesabu. Lami inahitaji fedha, na sina ugomvi na kodi inayogeuka lami.

Ila kijana alisema neno moja la maana kuhusu kodi, na wazee wa Arua wanalijua kuliko mimi. Mji huu ulikuwa na vijana walioitwa OPEC, tangu miaka ya 1980, waliouza mafuta ya Kongo kwa jerikani pembeni mwa barabara. Mengi ya mafuta hayo yalikuwa yamepita hapahapa Uganda kama bidhaa ya kwenda nje, bila kodi, yakaingia Kongo, kisha yakarudi kwa njia za panya. Bei halali ikimshinda mtu hatabana, atatafuta jerikani. Na jerikani ndani ya nyumba ya nyasi, karibu na kibatari, kila mtu anajua mwisho wake. Waliokaa Kampala wakiandika wito wa kubana mafuta sijui kama jambo hili huwajia akilini.

Wapo wanaosema tuvumilie, Hoima inakuja. Mafuta yaligunduliwa kule mwaka 2006. Bomba la kilomita 1,443 ni la kupeleka mafuta ghafi Tanga, na mafuta ghafi hayawashi mashine yangu. Kiwanda cha kusafisha cha Kabaale, mapipa 60,000 kwa siku, ndicho kingetuhusu, na mkataba wake na kampuni ya Falme za Kiarabu ulitiwa sahihi mwaka 2025 tu. Kilicho karibu zaidi ni matangi ya akiba. Yale ya Jinja yanabeba lita milioni 30, ambazo hazifikishi wiki moja ya matumizi ya nchi nzima hata yakiwa yamejaa. Tangu Julai 2024 shirika la taifa la mafuta ndilo muagizaji pekee. Basi swali la akiba sasa lina mwenyewe. Kabla ya kuniuliza mimi nimebana kiasi gani, tuambiwe tangi lina kiasi gani.

Mwaka jana mke wa jirani yangu alishikwa na uchungu usiku. Kwenye kituo cha afya wakasema mtoto amekaa vibaya, apelekwe mjini. Gari la wagonjwa lilikuwepo, limeegeshwa, magurudumu mazima. Dereva alikuwepo. Mafuta hayakuwepo. Wakamwambia mume alete fedha za mafuta. Alikuja kunigongea mimi, kwa sababu anajua mwenye mashine hakosi dizeli. Nilimpa jerikani yangu ya Ijumaa. Mama yuko hai na mtoto yuko hai, namshukuru Mungu. Akina mama wa foleni Ijumaa ile walirudi nyumbani na muhogo wao mkavu, na hakuna aliyenung'unika walipojua ilikoenda dizeli yao. Hao ndio watu wanaohimizwa kutumia mafuta kwa uangalifu.

Tangu usiku ule nauona wito huu kwa jicho jingine. Nchi hiihii ina misafara ya viongozi ambayo ukisimama kando ya barabara kuihesabu magari unachoka, na ina gari la wagonjwa lenye tangi tupu. Mafuta ya serikali yapo, yamegawanywa vibaya. Kubana kwa kweli kungeanzia hapo: gari moja litolewe kwenye msafara, mafuta yake yahamie kwa wagonjwa, na tuandikiwe kwenye ubao wa wilaya ni lita ngapi zimehama.

Na jamu ya Kampala je? Nikienda kununua vipuri, taksi inaweza kukaa saa nzima kabla haijaingia kwenye paki, injini inanguruma, watu kumi na wanne wanatoka jasho. Mwenye taksi hawezi kuizuia jamu hiyo kwa uangalifu wake. Vivyo hivyo mwaka 2024, daraja la Karuma, tunapovukia Nile kwenda Kampala, lilipofungwa kwa matengenezo, mabasi yetu yalizunguka Masindi na Paraa, nauli zikapanda. Daraja lilihitaji matengenezo, sawa. Lakini kilomita zile za ziada tulizilipa sisi, na hakuna hotuba iliyozitaja.

Mwalimu akamalizia kwa kusema, basi tembeeni, miguu haitaki petroli. Nikamjibu kwamba hata hilo lilijaribiwa. Aprili 2011 Dkt. Kizza Besigye wa upinzani na wenzake walitembea kwenda kazini kupinga bei ya mafuta na chakula, na walikamatwa. Mtu anayetembea kimya kwa sababu hana nauli huitwa mvumilivu. Akitembea huku akisema kwa nini anatembea, anapandishwa kwenye gari la polisi, nalo linatumia mafuta. Mwalimu alinyamaza, akaaga akaenda, na sipendi alivyoondoka.

Sasa nawaomba mchango, hasa ninyi wa mipakani. Walioko Busia na Malaba, malori yakikwama bei kwenu huanza kupanda siku ya ngapi, na ikishapanda huchukua muda gani kushuka? Wenye mashine kama yangu huko Lira, Soroti, Kasese: mmewahi kuhamia umeme? Fundi wa Arua ameniambia mota inawezekana, lakini nguzo ya karibu iko mbali nami na gharama ya kuvuta waya ni yangu. Na kama yupo anayefanya kazi kwenye ofisi ya wilaya yoyote, atueleze lita za gari la wagonjwa hupangwa na nani, na kwa kipimo gani.

Ijumaa hii nawasha saa nne asubuhi. Akina mama wameshaanza kuleta besheni zao tangu jana.