Mwalimu mkuu anataka nimhamishe mwanangu kabla ya mtihani wa darasa la nne, nifanyeje?

Mzee wa Viwanja: Habarini wakuu. Nina kijana wa miaka 10, yuko la nne shule ya serikali hapa Dar. Usikivu wake hafifu. Jana mkuu wa shule kaniita eti mtoto hafuati, anakodolea tu midomo ya watu, nimtafutie shule ya wenzie kabla ya Oktoba maana atawashushia wastani. Ana haki ya kumtoa kweli? Sijalala.

Ndumilakuwili: Anakutisha huyo. Mwambie akuandikie barua uone kama ataandika 😂

Mama Chapati: Pole. Mdogo wangu alikuwa hivyohivyo, Korogwe miaka ya 90, walimu wanamchapa wakidhani jeuri kumbe hasikii. Leo ni fundi cherehani, kajenga, mimi niliyefika chuo bado nimepanga.

Mwl Chaki: Nimefundisha kitengo maalum. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 iko upande wako. Usigombane na mkuu, nenda halmashauri kamuone afisa elimu maalum, ubebe majibu ya kipimo cha masikio. Ila alishapimwa? Ana mashine?

Mzee wa Viwanja: Alipimwa akiwa la kwanza.

Mwl Chaki: Nimeuliza mashine.

Mzee wa Viwanja: Anazo mbili. Ziko kabatini. Watoto walimwita roboti, akirudi ni kulia tu, na baba yake akasema mtoto wake hatembei na madude masikioni watu wamshangae. Kwenye fomu ya shule nako hatukujaza kitu. Msinihukumu, hamkuwepo. Na nimeshaongea na bibi yake Singida, likizo hii anamchukua, kule kumetulia.

Bwana Jiko: Kwa hiyo masikio yabaki kabatini Dar, mtoto aende Singida?

Neema Tupu: Mtoto ni amana dada, kumficha ni dhambi. Tubuni wote wawili.

Kobe: Ngojeni. "Baba yake akasema"? Si ndiye huyu Machi alikuwa anauza kiwanja Kibaha, anajiita baba wa watatu? Chai hii.

Ndumilakuwili: 😂😂 Chai ya rangi kabisa

Bwana Jiko: Kile kiwanja nilikiulizia mimi, kina mgogoro.

Mzee wa Viwanja: Akaunti ni ya mume wangu. Mimi sina simu ya intaneti, natumia yake akilala.

Mwl Chaki: Si ataona akiamka?

Mzee wa Viwanja: Aone. Nimezitoa kabatini sasa hivi, nawasha hii moja haitoi hata mlio. Imekufa?

Mwl Chaki: Miaka mitatu betri ndani, imeisha hiyo, na huenda imevuja. Itoe, pafute kwa kitambaa kikavu, usitie maji. Na kile kiplastiki cha sikioni hakitamtosha tena, sikio limekua, apimwe upya atengenezewe kingine. Na hiyo fomu karekebishe mwenyewe kabla hujaenda halmashauri, wataiuliza.

Bwana Jiko: Na mwenye akaunti akiamka atuambie hati ya kiwanja iko kwa nani.