Rangi za nukta hazilingani na ufunguo kwenye R: naomba ushauri

Nukta_Mpya:
Wakuu, habari zenu. Ninachora grafu ya mtawanyiko kwa R, ile programu ya takwimu, nikitumia data ya maua ya iris, na nimezipaka nukta rangi kulingana na kundi la kila ua. Mchoro unatoka vizuri, ila aliyeuona anasema majina ya kwenye ufunguo, yaani kile kisanduku kinachoeleza kila rangi ni kundi gani, hayaendani na rangi. Nimekesha siku mbili na kosa silioni. Naomba mnielekeze namna ya kubadilisha rangi tu, kwa sababu mengine yote yako sawa.

Bi_Takwimu:
Ndugu yangu, hamia ggplot2, kifurushi cha kuchorea ndani ya R, ambako ufunguo hutengenezwa kutokana na safuwima ileile inayopaka nukta rangi. Chunga jambo moja lililonitesa mimi: makundi yangu niliyaandika 1, 2 na 3, programu ikayachukua kama kipimo kinachopanda, ikanipa bluu iliyokolea na bluu iliyofifia badala ya rangi tatu. Nilipoyageuza kuwa fakta (factor), yaani majina ya makundi na si namba za kupima, ndipo yakatengana.

Mzee_Wastani:
Mimi ninahofia rangi zenyewe. Kama ni nyeusi, nyekundu na kijani, ambazo R huanza nazo, wapo wasioweza kutofautisha hizo mbili za mwisho. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya Kaskazini ni takriban 1 kati ya 12. Chukua Okabe-Ito, paleti ya rangi zinazotofautishika hata na watu hao, iliyomo ndani ya R tangu toleo la 4.0.0 la mwaka 2020, kisha kila kundi ulipe na umbo lake. Mchoro ni wa macho ya watu wote, mwanangu, si ya aliyeuchora peke yake.

Mpima_Pembe:
Tuwekee mistari yenyewe, hasa ule wa ufunguo.

Nukta_Mpya:
Mzee Wastani, shikamoo, nimekusikia. Mistari ni hii:

`f <- factor(d$kundi)`
`plot(d$urefu, d$uzito, col = f, pch = 19)`
`legend("topleft", legend = unique(d$kundi), col = 1:3, pch = 19)`

Mafunzo ya zamani niliyoyafuata hayakuwa na factor, nami nilipoyaiga R ilikataa, ikidai kwamba jina la kundi si jina la rangi.

Mpima_Pembe:
Kosa lako liko kwenye mstari wa tatu. Amri ya factor huyapanga majina kialfabeti, ilhali unique huyatoa jinsi yanavyojitokeza kwenye data. Lakini maelezo yako hayasimami. Iris ina maua 150, 50 ya kila aina, yaliyopangwa setosa, versicolor, virginica, ambao ndio mpangilio wa alfabeti, kwa hiyo kosa hili haliwezi kutokea humo. Tena iris ina urefu na upana wa petali na sepali. Uzito umeutoa wapi?

Bi_Takwimu:
Kama kisa ni cha kutunga, useme mapema, maana tumekujibu kwa nia njema.

Nukta_Mpya:
Tatizo ni la kweli. Nilichowaficha ni data. Ni miche ya makundi matatu, samadi, maji na mboji, ya jaribio ambalo matokeo yake hayajatolewa. Ripoti nimeshamkabidhi msimamizi, na ndani yake kuna aya ndefu inayosema kwamba samadi imedumaza miche, kwa kuwa nukta nyeusi zote ziko chini. Ndiyo maana nimeomba rangi tu. Nikizipanga upya zikalingana na aya, sitalazimika kuandika upya.

Mzee_Wastani:
Hapana, mwanangu. Aya hufuata miche. Miche haiwezi kufuata aya.

Mpima_Pembe:
Kialfabeti ni maji, mboji, samadi, kwa hiyo hizo nyeusi ni miche iliyopewa maji matupu, na ufunguo wako umeipachika jina la samadi. Chukua safumlalo ya kwanza, uitafute nukta yake kwenye mchoro. Halafu weka `levels(f)`, inayotoa majina kwa mpangilio wa factor, mahali pa unique, na upige wastani wa kila kundi kwa amri ya tapply pasipo rangi yoyote, ili majibu yasitegemee macho yako.

Nukta_Mpya:
Nimefanya. Mche wa kwanza ni wa samadi, wenye urefu wa sentimita 41. Nukta yake ni ya kijani, iko juu kabisa upande wa kulia, na ufunguo wangu ulikuwa ukiiita mboji. Kwa wastani samadi inaongoza kwa urefu na kwa uzito, maji yako mwisho. Aya ninaifuta yote, na usiku huu ninamwandikia msimamizi aizuie ripoti kabla hajaipeleka mbele.