Taima inapanikisha kerneli: printk, ftrace, QEMU au kukompaili upya?

Mgebuka
Wakuu, salamu kutoka Mwanga, Kigoma. Nina draiva ya Linux niliyoiandika mwenyewe kwa ajili ya mizani ya USB ya kupimia dagaa pale Kibirizi. Inapiga kazi vizuri mpaka mtu achomoe waya. Chomoa mara tisa, kimya. Ya kumi kerneli (kiini cha Linux) inapaniki, mashine yote inasimama. Ndani kuna taima inayoamka kila milisekunde 20, inasoma uzito, kisha inajipanga tena kwa mod_timer. Nimejaza printk (amri ya kuchapa ujumbe kwenye logi ya kerneli) kila kona, logi nazivuta kwa waya wa siriali. Kituko ni kwamba printk zikiwepo tatizo halionekani, nikizitoa linarudi. Nihamie ftrace (kinasa matukio cha kerneli), QEMU (mashine ya kuigiza) na gdb (ya kusimamisha programu na kuikagua), au nikompaili kerneli yenye vikaguzi? Mashine ina CPU mbili, RAM GB 4, na umeme wa huku mnaujua.

Gungu88
Hiyo TSC, saa ya ndani ya CPU, mkuu. Soma /sys/devices/system/clocksource/clocksource0/current_clocksource. Ukikuta tsc, washa mashine na clocksource=hpet, itumie saa nyingine. Mimi ilinisaidia saa ilipokuwa inayumba.

Mgebuka
Saa yangu haiyumbi, na dmesg (logi ya kerneli) haijalalamikia tsc. Hpet nimejaribu sasa hivi, imepaniki vilevile.

Bi_Kanyenye
Gungu88, mgonjwa analia tumbo wewe unamng'oa jino. Clocksource ni ya kusomea muda tu. Hapa nahisi taima imebaki kwenye foleni ya kerneli wakati kumbukumbu yake imeshaachiwa.

Kuhusu printk kuficha tatizo, piga hesabu. Siriali ya 115200 inatumia kama mikrosekunde 87 kwa herufi moja. Mstari wa herufi 80 ni karibu milisekunde 7. Kerneli yenye HZ=250 inapiga tiki kila milisekunde 4. Kwa hiyo mstari mmoja unameza tiki nzima na zaidi, na zile CPU mbili zilizokuwa zinakimbizana hazikutani tena pale pale. Tumia trace_printk: inaandika kwenye RAM, haingoji waya. Weka na ftrace_dump_on_oops ili mashine ikifa itapike ilichokuwa nacho.

Isevya_root
QEMU je? Unasimamisha kwa gdb, unaangalia kwa nafasi yako.

Bi_Kanyenye
Naipenda kwa hitilafu inayotokea kila mara. Hii ya mara moja kwa kumi, ukiisimamisha umeshavuruga mbio zenyewe. Halafu QEMU usipoiambia -smp 2 inakupa CPU moja, utakaa hadi usiku unasubiri mbio za mkimbiaji mmoja. Mgebuka, mimi ningekompaili: washa vikaguzi vya DEBUG_OBJECTS, DEBUG_OBJECTS_FREE na DEBUG_OBJECTS_TIMERS. Ftrace itakuonyesha mlolongo lakini kumsaka mkosaji ni kazi yako. Hivi vikaguzi vinamtaja.

Mgebuka
Dada, kukompaili kwenye mashine hii ni kukesha. Juzi umeme ulikatika saa nane usiku.

Isevya_root
Usikompaili kila kitu. Chomeka mizani kwanza, halafu make localmodconfig: itabakiza modyuli zilizopakiwa tu. Umeme ukikatika, make ikirudi inaendelea ilipoishia. Ila faili iliyokuwa inaandikwa dakika ile inaweza kuwa mbovu, ukiona kosa la ajabu ifute. KASAN (kikaguzi cha makosa ya kumbukumbu) iache kwa sasa, inachukua moja ya nane ya RAM na kila kitu kitajikokota.

Mgebuka
Nimerudi. Imekompaili tangu magharibi hadi saa nne usiku, umeme umenihurumia. Nimechomoa waya mara sita tu:

ODEBUG: free active (active state 0) object type: timer_list

Chini yake imetaja fankisheni yangu ya kusoma uzito. Na mashine haikufa! Kwenye disconnect (fankisheni inayoitwa waya ukichomolewa) nilikuwa nimeandika del_timer, mstari unaofuata kfree, inayoachia kumbukumbu.

Bi_Kanyenye
Haikufa kwa sababu kikaguzi chenyewe kiliiondoa taima kabla ya kumbukumbu kuachiwa, usidhani imepona. del_timer inaitoa taima kwenye foleni, lakini haingoji kama fankisheni yake inakimbia kwenye CPU nyingine. Wewe unafuta huku, kule inamaliza kusoma na kujipanga upya, kisha kfree inapita. Weka del_timer_sync, ambayo inangoja, au timer_shutdown_sync kama kerneli yako ni 6.2 kuja juu. Hiyo ya pili inakataa kabisa isipangwe tena.

Mgebuka
Ni 6.1, nimeweka del_timer_sync. Sasa haipaniki, ila nikichomoa waya mara nyingine inaganda moja kwa moja.

Bi_Kanyenye
Unaiita ukiwa umeshika spinlock (kufuli la kuzuia CPU mbili zisiguse kitu kimoja kwa pamoja)?

Mgebuka
...Ndiyo. Ile ile ambayo taima inaisubiri.

Bi_Kanyenye
Basi kila mmoja anamngoja mwenzake. Iachie kabla ya kuita.

Mgebuka
Nimechomoa na kuchomeka mara 60, kidole kinauma. Kimya. Kesho alfajiri naipeleka Kibirizi.