Wauza seti za gesi ya hamira Tanga, acheni kuwaambia watu wabane mpira usiku!

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Jumapili nimefukia samaki 19 nyuma ya nyumba, binti yangu wa miaka minane kasimama pembeni analia. Hawakuumwa. Wameuliwa na maelekezo ya muuzaji: "Usiku bana mpira, hewa isipotee."

Niko Makorora. Tangi langu ni la lita 80, nilikuwa na gapi na plati (samaki wadogo wa mapambo) waliozaliana humo humo ndani tangu mwaka jana. Mimea ilikuwa imedumaa, nikaenda kwa muuza samaki wa mapambo hapa mjini (duka silitaji). Akaniuzia seti ya kutengeneza hewa ukaa (kaboni dioksidi, gesi ambayo mimea huitumia kukua) kwa Sh 25,000: chupa ya soda ya lita mbili iliyotobolewa kizibo na kupakwa gundi, pamoja na mpira wa dripu, ule ule wa hospitali wenye kigurudumu cha kubania. Karatasi ya maelekezo hakuna. Kwa mdomo akasema vikombe viwili vya sukari, maji ya uvuguvugu, kijiko cha chakula kilichojaa hamira "ili mapovu yawe mengi", na taa ikizimwa nibane.

Nikamuuliza, nikibana hiyo hewa itaenda wapi? "Kaka, itakaa humo humo kwenye chupa, asubuhi unaikuta." Nikamwamini, maana hiyo ndiyo kazi yake.

Saa kumi na mbili asubuhi niliikuta kweli. Kitako cha chupa kimetuna kwa nje mpaka haisimami, imeegemea ukuta. Ukiigonga kwa kucha inalia kama mbao. Nikalegeza kigurudumu kidogo tu. Lile jimaji likafumka kama soda iliyotikiswa, povu rangi ya uji likakimbia kwenye mpira na kumwagika tangini kabla sijawahi kuuchomoa. Adhuhuri maji yalikuwa meupe kama tui. Alasiri samaki wote wako juu, midomo nje, wanagombea hewa. Nilibadilisha nusu ya maji, nikakoroga kwa kata mpaka mkono ukafa ganzi. Hadi magharibi walikuwa wamebaki wanne.

Nikarudi dukani. Akaniambia samaki wangu walikuwa dhaifu, ninunue wengine. Hata pole hakunipa.

Sasa nisikilizeni, hasa mlionunua seti kama hii. Hamira haina swichi. Ikishakutana na sukari inaila usiku na mchana, inatoa kilevi na hewa ukaa, na kubana mpira hakuisimamishi hata dakika moja. Vile vikombe viwili, kama gramu 400 za sukari, vikiliwa vyote hutoa karibu gramu 200 za hewa ukaa, yaani zaidi ya lita 100 za gesi. Wewe una chupa ya lita mbili! Hata kama hamira itakufa kwa kilevi chake kabla ya kumaliza sukari, bado ni gesi ambayo lazima ipate njia ya kutoka. Sisi ni watu wa pwani jamani, nani hapa hajui kuwa tembo la mnazi halifungwi kizibo kikakazwa? Mgema humfundishi hilo. Muuza samaki ndiye anawafundisha watu kinyume chake, tena katika joto hili la kaskazi, ambapo hamira inachemka maradufu.

Na kile kijiko cha chakula ni wazimu. Robo kijiko cha chai kinatosha kabisa kwa chupa ya lita mbili. Ukijaza hamira unapata mapovu ya fujo kwa siku chache, halafu kimya. Ukiweka kidogo inakwenda taratibu wiki mbili au zaidi.

Najua atatokea mtu aseme usiku mimea haihitaji hewa ukaa. Ni kweli. Giza likiingia mimea nayo inavuta oksijeni kama samaki, hewa ukaa inarundikana, na maji ya joto la nyuzi 30 yanabeba oksijeni kama miligramu saba na nusu tu kwa lita yakiwa yameshiba. Ndiyo maana samaki huonekana wanahema juu alfajiri. Lakini dawa yake ni kuwasha pampu ya hewa usiku, au kuchomoa ncha ya mpira na kuining'iniza nje, juu ya usawa wa maji, gesi ijiendee zake. Kubana, hapana. Mimi hicho kigurudumu nimekikata na kukitupa.

Fundi mmoja wa friji hapa mtaani ndiye aliyenionyesha namna ya kuunga, bila kunidai hata senti. Mpira unaotoka kwenye chupa ya hamira hauendi moja kwa moja tangini. Unaingia kwanza kwenye chupa ndogo ya soda ya nusu lita yenye maji kidogo, na povu likipanda linaishia humo. Kati ya hapo na tangi unaweka valvu ya njia moja, kwa sababu chupa ikipoa au hamira ikichoka, maji ya tangi hurudi kwa mpira na kumwagika sakafuni. Chupa kubwa unaijaza theluthi mbili tu, unaikalisha ndani ya ndoo, kivulini. Gundi ile haishiki plastiki ya kizibo. Toboa tundu dogo kuliko mpira, kata ncha ya mpira mshazari, uvute kwa koleo upite kwa nguvu, wenyewe unajibana. Na ukiona mapovu yamekata ghafla, usifurahi kuwa hamira imetulia. Kagua kama sponji iliyo kwenye ncha ya mpira, ndani ya tangi, imeziba.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba seti yenyewe wala sikuihitaji. Mimea yangu ni Anubias na Vallisneria. Anubias hukua polepole kwenye mwanga hafifu, na Vallisneria hutumia bikaboneti (kaboni iliyoyeyuka) iliyomo kwenye maji magumu kama haya ya kisima chetu. Muuzaji aliiona mimea hiyo kwenye picha, nilimwonyesha kwenye simu!

Hayo ya kwangu yamepita. Lililonifanya nifungue uzi ni hili: nilipokuwa pale dukani nimeona kaweka seti mpya rafuni, za chupa za kioo, na kigurudumu kile kile. Eti zinapendeza sebuleni. Chupa ya soda ya plastiki imetengenezwa kuhimili mgandamizo, ikishindwa hurusha kizibo au hupasuka. Chupa ya kioo ikishindwa inarusha vigae, na tangi la samaki ndipo watoto wanapobandika nyuso zao.

Kama umenunua hiyo ya kioo, leo leo legeza mpira taratibu ukiwa umeifunika kwa taulo zito, umwage, usiirudie. Jumamosi saa tatu asubuhi naenda dukani na chupa yangu iliyotuna, nimwekee mezani mbele ya wateja. Mliouziwa kama mimi, njooni na za kwenu.